Cheti cha dawa: nani anaruhusiwa kukuandikia, na unakisomaje kabla hujafika dirishani

Watu wengi tunatoka kwa dokta na cheti mkononi bila kujua kimeandikwa nini, tunakikunja tunaenda famasi, tunapewa vibahasha vimeandikwa 1x3 na 2x2, tunalipa tunaondoka. Mimi kazi yangu iko upande wa ndani wa hilo dirisha la dawa, na kila siku naona mtu anameza dawa nusu, au anameza ya jirani, au ameandikiwa na mtu asiye na ruhusa ya kuandika, na asilimia kubwa ya hayo yangeisha kama mtu angeelewa ile karatasi. Kwaiyo hapa naeleza kwa Tanzania bara inavyokwenda. Zanzibar wana mamlaka zao na sheria zao ila namna ya kukisoma cheti ni ile ile.

Tuanze na nani anaandika. Mtaani kila aliyevaa koti jeupe tunamwita dokta, hata anayefagia korido akivaa koti utasikia "dokta samahani". Kwenye sheria sio hivyo. Mwenye ruhusa ya kukuchunguza, kusema unaumwa nini na kukuandikia dawa ni mtu aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Humo ndani kuna ngazi. Kuna tabibu msaidizi aliyesoma miaka miwili, kuna tabibu aliyesoma diploma ya miaka mitatu, huyo ndio utamkuta zahanati nyingi na vituo vya afya na kiukweli ndio anaiandikia dawa nchi hii. Kuna daktari msaidizi, yule aliyekuwa tabibu akarudi shule akaongeza elimu, alafu daktari mwenye digrii ya miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitali, alafu juu yake bingwa. Wale walio kwenye huo mwaka wa mafunzo tunawaita intani, wanaandika pia ila wako chini ya uangalizi wa wakubwa zao. Mwanafunzi hawezi kukuandikia peke yake, lazima aliyesajiliwa aweke sahihi yake.

Daktari wa meno na tabibu wa meno nao wanaandika, lakini kwa mambo ya kinywa na meno. Ukiona tabibu wa meno anakuandikia dawa ya presha hapo uliza. Daktari wa mifugo anaandikia mifugo. Nalisema hili kwa sababu kuna watu huko kwa wafugaji wanachoma wenyewe dawa ya ng'ombe wakiumwa, wanasema si ni antibayotiki ile ile. Kipimo kimepangwa kwa uzito wa ng'ombe na imetengenezwa kwa mwili wa ng'ombe, usijaribu kabisa.

Muuguzi hapa ndio panachanganya watu. Kazi yake ya msingi ni kukuhudumia na kukupa dawa zilizoandikwa, lakini kuna zahanati kijijini tabibu ni mmoja na akienda semina anabaki nesi peke yake, na kuna huduma kama uzazi na kliniki za ARV ambazo nesi aliyepewa mafunzo anatoa dawa kwa kufuata mwongozo wa wizara. Kwaiyo nesi wa kituoni akikupa dawa kwa utaratibu wa kituo sio kosa. Kosa ni nesi anayefungua chumba nyumbani kwake anatundika dripu.

Sasa wasioruhusiwa kuandika, na hapa naomba usome taratibu. Mtu wa maabara haandiki dawa. Hili limeenea mno, mtu anaingia maabara ya mtaani anapima mkojo na damu, majibu yanatoka, alafu mpimaji huyo huyo anachukua kikaratasi anaandika Azuma, ambayo ni antibayotiki, na sindano tano. Yule amesomea kupima, na kazi yake anaijua vizuri, lakini majibu ya maabara ni kipande kimoja tu cha ugonjwa. Hajakuuliza una mimba au huna, hajui kama una tatizo la figo, hajui unatumia dawa gani nyingine. Chukua majibu yako umpelekee tabibu. Na mfamasia pia, pamoja na kwamba ndio amesomea dawa kuliko mtu yeyote, hapa kwetu haandiki dawa za cheti. Anaweza kukushauri, kukupa dawa baridi zisizohitaji cheti kama paracetamol, ORS au za kiungulia, anaweza kukataa kutoa dawa akiona ina shida na akampigia aliyeandika, ila hakutibu. Muuzaji wa duka la dawa muhimu yeye ndio kabisa, cheti chake cha mafunzo ni cha kutoa dawa tu. Tabibu wa tiba asili aliyesajiliwa na baraza lake anakupa dawa zake, za hospitali haandiki.

Kwenye maduka kidogo nieleze maana watu wanafikiri yote ni sawa. Famasi inasimamiwa na mfamasia na inaweza kuuza karibu dawa zote. Duka la dawa muhimu, hizi zenye alama ya DLDM, mpango wake ulianzia Ruvuma 2003 ili vijijini na pembezoni watu wapate dawa salama pale ambapo famasi hakuna. Hayo maduka yana orodha yake, yanaruhusiwa dawa baridi na baadhi ya dawa za cheti zikiwemo antibayotiki chache za kawaida na dawa ya mseto ya malaria. Nje ya orodha hairuhusiwi, na kuchoma sindano hairuhusiwi hata kama muuzaji ni nesi mstaafu. Ukiandikiwa sindano za siku tano nenda nazo kituo cha afya wakuchomee huko, kwa sababu ikitokea mwili umeikataa dawa pale dukani hakuna cha kukuokolea.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui ni kwamba hata mwenye ruhusa haandiki kila dawa. Wizara ina mwongozo wa matibabu na orodha ya taifa ya dawa muhimu, na kila dawa imepewa herufi ya ngazi. A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D rufaa ya mkoa, S ni ya mabingwa. Ndio maana tabibu wa zahanati anakwambia nenda wilayani wakati dawa unaijua kwa jina na unajua inauzwa wapi. Hakuonei. Ile dawa inataka vipimo ambavyo yeye pale hana, na bima nazo zinaangalia hiyo hiyo ngazi, ukiandikiwa juu ya ngazi ya kituo dirishani inagoma.

Haya, cheti chenyewe. Kabla hujainuka kwenye kiti cha dokta angalia kina jina lako kamili, umri, tarehe, na kwa mtoto uzito wake kwa kilo. Kiwe na jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, unatumiaje na kwa siku ngapi. Chini kuwe na jina la aliyeandika, cheo chake, sahihi na muhuri wa kituo. Hospitali nyingi za serikali sasa hivi hawaandiki karatasi, dokta anaingiza kwenye kompyuta, unapewa kontroo namba unalipia, na dirisha la dawa wanaiona kwenye mfumo. Ni nzuri sana maana mwandiko haumsumbui mtu, ila ubaya wake unaondoka huna karatasi ya kujikumbusha, kwaiyo waombe wakuprintie au andika mwenyewe kwenye simu.

Tuchukue mfano wa cheti cha mtu aliyetoka kung'oa jino lenye usaha:

Caps Amoxicillin 500mg TDS x 5/7
Tabs Metronidazole 400mg TDS x 5/7
Tabs Paracetamol 1g TDS x 3/7

TDS ni mara tatu kwa siku. BD ni mara mbili, OD mara moja, QID mara nne. Ukiona nocte ni usiku unapolala, PRN ni pale unapohitaji tu kama maumivu yakija, stat ni dozi moja hapo hapo. PO ni ya kumeza, IM ni sindano ya kwenye nyama, IV ya mshipa. Sasa zile namba za mwisho ndio zinawachanganya wengi, 5/7 sio sehemu ya hesabu ya darasa la nne, ni siku tano. Chini ikiwa 7 ni siku, ikiwa 52 ni wiki, ikiwa 12 ni miezi. Kwaiyo 2/52 ni wiki mbili na 1/12 ni mwezi mmoja.

Piga hesabu. Amoxicillin amekuandikia miligramu 500 mara tatu kwa siku tano, dozi 15. Lakini kapsuli zinazopatikana sehemu nyingi ni za 250, kwaiyo unameza mbili kila mara na jumla unatakiwa kutoka na kapsuli 30. Ukipewa 15 za 250 umepewa nusu dozi, na kwenye bahasha watakuwa wameandika 1x3 wakati ilitakiwa 2x3. Metronidazole ya 400 vivyo hivyo, vidonge vikiwa vya 200 unahitaji 30. Paracetamol gramu moja ni vidonge viwili vya 500, mara tatu, siku tatu, unapata 18. Hesabu hii ifanye ukiwa bado umesimama dirishani, soma nguvu iliyoandikwa kwenye kikopo au pakiti, na kama hailingani uliza pale pale, hakuna mfamasia wa maana atakayekasirika.

Mara tatu kwa siku maana yake usambaze kwenye masaa 24, kila baada ya kama masaa 8. Mtu anameza saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja usiku, alafu mpaka kesho yake mwili unakaa masaa 12 hauna dawa na vijidudu vinapumua. Sogeza, saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku, inatosha. Na kwenye huo mfano wetu metronidazole haitaki pombe kabisa, mpaka zipite kama siku mbili baada ya kumaliza, utatapika na moyo utakwenda mbio. Hilo aliyekupa dawa anatakiwa akwambie bila kuulizwa lakini foleni ikiwa ndefu anasahau, uliza wewe: nile kwanza au kabla, maziwa je, pombe je, naweza kuendesha gari?

Dawa ya mseto ya malaria nayo ina saa zake. Mtu mzima vidonge 24, vinne vinne, mara sita. Ya kwanza unameza hapo hapo, ya pili baada ya masaa 8, sio kesho, alafu asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata, na umeze na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa ndio inaingia vizuri mwilini. Na usianze bila kipimo. Homa sio malaria mpaka kipimo kiseme.

Dirishani utakutana na mambo mawili. La kwanza jina. Dokta ameandika metronidazole wewe unaambiwa Flagyl, au ameandika Augmentin unapewa kampuni nyingine ya co-amoxiclav. Mradi jina la dawa ndani ni lile lile na miligramu ni zile zile, ni dawa ile ile, na mara nyingi ile isiyo na jina kubwa bei yake ni chini sana. Omba kabisa, sema "niangalizie ya bei nafuu yenye dawa hiyo hiyo". Lakini akitaka kukubadilishia dawa yenyewe, mfano hakuna co-amoxiclav anakupa cipro ambayo ni antibayotiki nyingine kabisa, hapo hana ruhusa mpaka aongee na aliyeandika, na wewe umwambie ampigie.

La pili ni O/S. Ukiona hizo herufi pembeni ya dawa maana yake imeisha stoo. Usiache cheti hapo, rudi nacho ukanunue nje, na kama una bima waulize famasi gani ya nje inapokea kadi yako na karatasi gani inatakiwa igongwe muhuri kabla hujatoka getini, la sivyo utazungushwa. Baadhi ya dawa ghali zinataka kibali cha mfuko wa bima kwanza, hilo ulizia mapema sio siku dawa imekata.

Pesa ikiwa haitoshi. Hapa ndipo dozi nyingi zinavunjika, mtu ana cheti cha elfu thelathini na mfukoni ana elfu kumi, anasema nipunguzie kila kitu kidogo kidogo. Usifanye hivyo. Sema ukweli dirishani, au rudi kwa dokta umwambie una shilingi ngapi, atakuonyesha ipi ya lazima na ipi unaweza kuishi bila hiyo, vitamini nyingi zinazojazwa kwenye vyeti zinaweza kusubiri. Antibayotiki haigawanywi, kama ni siku tano nunua za siku tano, maana ukimeza mbili ukaacha unawaua vijidudu dhaifu unabaki na wagumu, na ndio hiyo UVIDA wizara inayoipigia kelele, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ndio hizo "UTI sugu" ambazo kila mtu anazo siku hizi. Dawa ya presha au sukari ni tofauti, hiyo unaweza kununua ya siku kumi ukarudi tena, kwa sababu utaendelea nayo. Muhimu isikatike katikati.

Na hapo kwenye presha pana msiba. Cheti kimeandikwa Amlodipine 5mg OD x 1/12, mzee anameza mwezi, kopo linaisha, anasema namshukuru Mungu nimemaliza dozi. Hajamaliza. Kwa amoxicillin 5/7 ikiisha umemaliza, kwa presha 1/12 maana yake ni rudi kliniki wakupime wakuongezee. Nimeona watu wameletwa wamepooza upande mmoja na ukiuliza nyumbani wanasema dawa alishamaliza tangu mwezi uliopita. Kama una mzazi anayetumia hizi dawa mweleze kwa upole, na wewe uweke tarehe kwenye simu yako siku tano kabla hazijaisha.

Kwa watoto ni kilo, sio umri wa kukisia wala ukubwa wa sura. Sirapu ya antibayotiki inakuja unga, unachanganya na maji yaliyochemshwa yakapoa, tia kidogo utikise, alafu ongeza mpaka kwenye mstari wa chupa, sio mpaka shingoni. Nyingi zikishachanganywa mwisho ni siku 7, soma chupa, inayobaki mwaga. Pimia kwa kile kikombe chake au bomba la sindano lisilo na sindano, vijiko vya jikoni havilingani. Na sirapu iliyobaki ya kaka mtu usimpe mdogo wake.

Kuna kundi la mwisho, dawa za udhibiti maalum, kama mofini, pethidine, diazepam, tramadol. Hizi cheti lazima kiwe kamili hakina kasoro, kiasi kinahesabiwa, kinaandikwa kwenye daftari, na kwa kawaida cheti kinabaki famasi hakirudi kwako. Picha ya WhatsApp hapa haifanyi kazi, usimgombeze mtoa dawa, leseni yake iko rehani. Ila nisieleweke vibaya, mofini ya maji kwa mgonjwa wa saratani sio madawa ya kulevya, ni haki yake asiteseke, hospitali ya saratani ya Ocean Road wanaitumia siku zote, na ndugu wakiogopa jina mgonjwa ndio anayeumia.

Kama unasafiri na mojawapo ya hizi, hasa Dubai au Muscat ambako ndugu zetu wengi wanaenda kazini, usibebe vidonge vimefungwa kwenye nailoni. Tramadol na dawa zenye codeine kule ni kesi. Beba kwenye pakiti yake, na cheti chenye jina lililo sawa na la pasipoti, na barua ya daktari kwa Kiingereza inayosema ugonjwa na kiasi, na kabla ya safari uliza ubalozi wao kama kibali kinatakiwa.

Vyeti vya zamani visitupwe. Viweke kwenye bahasha moja na majibu ya vipimo, na ukienda kituo kipya mpe dokta aone umeshatumia nini, alafu mwambie na dawa za kienyeji unazotumia, hata kama unaona aibu.